Mgonjwa aliyebaguliwa asiachiwe kazi ya kuzitafuta ofisi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nieleze jambo ambalo sisi wasaidizi wa kisheria tunaofanya kazi Ilemela na Nyamagana, hapa Mwanza, tunakutana nalo kila mara, na ambalo kwa maoni yangu halitokani na upungufu wa sheria. Mtu akibaguliwa katika kituo cha kutolea huduma za afya, iwe kwa sababu ya ugonjwa alio nao, ulemavu, umri, au kwa kuwa tu amekuja na kadi ya bima badala ya fedha taslimu, nchi hii ina ofisi kadhaa zenye mamlaka ya kushughulikia sehemu fulani ya lalamiko lake. Lakini lalamiko hilo kwa ukamilifu wake halina mwenyewe. Kazi ya kuligawa na kujua sehemu ipi inakwenda wapi imeachwa mikononi mwa mgonjwa, ambaye kati ya wahusika wote ndiye mwenye nafasi ndogo kabisa ya kuifanya.

Hali hii haikuletwa na mtu mmoja. Ibara ya 13 ya Katiba yetu ya 1977 inakataza ubaguzi, na ibara ndogo ya 5 inataja misingi yake: utaifa, kabila, pahala mtu alipotokea, maoni ya kisiasa, rangi, dini, jinsia na hali ya maisha. Ugonjwa haukutajwa humo, wala ulemavu. Pengo hilo likaja kuzibwa kwa sheria mahususi, ile ya VVU na UKIMWI ya 2008 na ile ya Watu wenye Ulemavu ya 2010, na kila moja ikaja na waziri wake, chombo chake cha ushauri na adhabu zake. Wataalamu wa afya nao wana mabaraza yao: madaktari, madaktari wa meno na kada shirikishi wako chini ya Baraza la Madaktari Tanganyika kwa sheria ya 2017, wauguzi na wakunga wana baraza lao kwa sheria ya 2010, wafamasia wana lao kwa sheria ya 2011. Mwaka 2022 ikatungwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, nayo ikaleta tume yake. Kabla ya nyingi kati ya hizo ilikuwapo tayari Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, THBUB, iliyotokana na marekebisho ya Katiba ya mwaka 2000 na sheria ya 2001, ikachukua nafasi ya ile Tume ya Kudumu ya Uchunguzi ya enzi za Mwalimu. Sioni hata chombo kimoja hapo ambacho ningetaka kifutwe. Kila kimoja kilizaliwa na tatizo la kweli.

Upande wa umiliki wa huduma zenyewe nao umegawanyika. Zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya ziko chini ya halmashauri, na halmashauri ziko chini ya Ofisi ya Rais, TAMISEMI. Hospitali za rufaa za mikoa, ikiwamo Sekou Toure ya hapa kwetu, zilihamishiwa Wizara ya Afya mwaka 2017. Bugando, ambayo ni hospitali ya rufaa ya kanda, ni mali ya Kanisa Katoliki na inaendeshwa kwa ubia na Serikali. Hospitali na kliniki binafsi, ambazo ziliruhusiwa tena kufanya kazi kibiashara baada ya marekebisho ya sheria ya mwaka 1991, zina bodi yake ya ushauri. Mgonjwa anayeanzia zahanati ya kijijini Ukerewe, akapewa rufaa kwenda hospitali ya wilaya, kisha Sekou Toure, kisha Bugando, amevuka mipaka ya mamlaka tatu, na kwake yeye zote hizo ni hospitali tu. Katika hospitali za mashirika ya dini zenye mkataba na Serikali jambo hili hufika mahali pa kuchekesha, kwa sababu wauguzi wawili wa zamu moja, wenye sare zilezile, wanaweza kuwa na waajiri wawili tofauti, mmoja analipwa na Serikali na mwingine na shirika, na mgonjwa aliyetukanwa anatakiwa kwanza ajue aliyemtukana ni yupi kati yao.

Nitoe mfano mmoja ambao niliushughulikia mwenyewe. Kituo sitakitaja, wala wahusika. Mama mmoja mchuuzi wa dagaa katika mwalo mmojawapo wa ziwa hili alikwenda kituo cha afya kung'olewa jino. Anaishi na VVU, anatumia dawa vizuri, na siku hiyo kadi yake ya CTC, yaani kliniki ya huduma na matibabu kwa wanaoishi na VVU, ilikuwa ndani ya daftari aliloandikiwa dawa zake, kwa hiyo alipolitoa daftari, kadi nayo ikaonekana. Tabibu wa meno aliishika kwa pembe, akaiweka juu ya kizingiti cha dirisha, halafu akamwambia mhudumu aliyekuwa mlangoni, kwa sauti ambayo benchi zima la ukumbini lilisikia, "Huyu ni wa CTC, mwekeni mwisho." Mama akakaa mpaka wa mwisho. Zamu yake ilipofika akaambiwa ganzi imekwisha, aje wiki ijayo. Aliyemtangulia alikuwa ametoka dakika chache kabla, pamba mdomoni, jino limekwisha kung'olewa.

Tulianza kwa mganga mfawidhi, ambaye alitusikiliza kwa heshima na kutuambia tuandike barua. Barua ikapelekwa ofisi ya Mganga Mkuu wa halmashauri, ikagongwa muhuri wa kupokelewa kwenye masijala, na baada ya kufuatilia tukajibiwa kwa mdomo kwamba suala la maadili ya taaluma ni la Baraza la Madaktari, nasi tuwasiliane na Baraza hilo. Polisi walituambia hilo ni jambo la nidhamu ya kazi, turudi kwa mwajiri. Ofisa mmoja wa ustawi wa jamii, kwa nia njema kabisa, alishauri twende mahakamani moja kwa moja. Mwingine akasema twende THBUB. Nimeyatafakari sana majibu hayo, na ninachokiona ni kwamba hakuna aliyetudanganya. Kila mmoja alikuwa sahihi kwa kipande chake, ila hakuna aliyesema "kipande changu ni hiki, nitakifanyia kazi, na hivyo vingine navipeleka mwenyewe kunakohusika."

Tulitazame tukio hilo la asubuhi moja. Kumnyima mgonjwa huduma kwa sababu ya hali yake ya VVU ni kosa la maadili, na hapo Baraza lina mamlaka ya kumwita mtaalamu, kumsikiliza na hata kumwondoa kwenye daftari la wenye kibali cha kufanya kazi. Mtaalamu huyohuyo ni mtumishi wa umma, na mamlaka yake ya nidhamu ni mwajiri wake katika halmashauri, si Baraza. Akiona ameonewa, rufaa yake inakwenda Tume ya Utumishi wa Umma. Sheria ya 2008 inakataza unyanyapaa na ubaguzi dhidi ya watu wanaoishi na VVU na kuufanya kuwa kosa la jinai, na jinai ni ya polisi na waendesha mashtaka. Kutangaza hali ya mgonjwa mbele ya benchi zima kunagusa usiri ambao sheria hiyohiyo inaulinda, na sasa kunagusa pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, yenye tume yake. Heshima na usawa wa mama huyo kama binadamu ni haki za kikatiba, na hapo ndipo inapoingia THBUB au Mahakama Kuu. Na kama ganzi kweli ilikuwa imekwisha, basi kuna suala la ugavi wa dawa na vifaa ambalo ni la halmashauri yenyewe. Sentensi moja iliyosemwa mlangoni imegusa ofisi zote hizo, na mama huyu darasa la saba alimaliza kwa taabu.

Yapo mambo ya utaratibu ambayo mtu asipoyajua mapema anajifungia milango kwa mkono wake mwenyewe, na hapa ndipo ushauri wa "nendeni mahakamani moja kwa moja" unapokuwa wa hatari. THBUB haichunguzi jambo ambalo tayari liko mahakamani, kwa hiyo anayekimbilia kufungua shauri amejinyima uchunguzi wa Tume, ambao ni wa bure na hauhitaji wakili. Kwa upande wa pili, sheria ya utekelezaji wa haki na wajibu wa msingi, kama ilivyorekebishwa mwaka 2020, inamtaka anayefungua shauri la kikatiba Mahakama Kuu awe ameathirika yeye mwenyewe, na awe amekwisha kutumia njia nyingine zote za nafuu zilizopo katika sheria nyingine. Njia zote! Mtu ambaye hakuna ofisi iliyowahi kumweleza njia hizo ni zipi, na ziko ngapi, anatakiwa athibitishe kwamba amezimaliza. Na ushahidi wa kuzimaliza ni karatasi, yaani barua zilizopokelewa kwa muhuri na majibu ya maandishi, vitu ambavyo majibu ya mdomo dirishani hayavitoi.

Niseme pia kwamba THBUB yenyewe haitoi hukumu. Inachunguza, inasuluhisha, inatoa mapendekezo kwa mamlaka husika, na mapendekezo yakipuuzwa inaweza kwenda mahakamani. Watu wengi wanaokwenda pale wanatarajia mtumishi afukuzwe wiki hiyohiyo, kisha wanakata tamaa. Kumfukuza mtumishi ni mamlaka ya mwajiri. Nadhani Tume ingejisaidia yenyewe kama ingelieleza hilo kwa uwazi kwenye karatasi ya kwanza anayopewa mlalamikaji.

Wenzetu wa nchi nyingine wamelitatua hili kwa namna mbalimbali. Kenya, kwa sheria yao ya VVU ya 2006, waliunda baraza maalumu la kusikiliza mashauri yanayohusu VVU, lenye uwezo wa kuamuru fidia, na wafanyabiashara wetu wa samaki wanaokwenda Kisumu wanaweza kushangaa kujua kwamba jambo linalomzungusha mtu ofisi tano huku, kule lina mlango wake mmoja. Marekani wamegawanya mamlaka kama sisi, pengine zaidi. Kifungu cha 1557 cha sheria yao ya afya ya 2010 kinakataza ubaguzi wa rangi, utaifa wa asili, jinsia, umri na ulemavu katika huduma za afya zinazopokea fedha za serikali kuu, na lalamiko hupelekwa kwenye Ofisi ya Haki za Kiraia iliyo ndani ya wizara ya afya, kwa kawaida ndani ya siku 180. Ofisi hiyo haishiki kila kitu. Ikiona kwamba uamuzi wa kibaguzi katika mpango wa bima ulifanywa na mwajiri na si na kampuni inayouendesha mpango huo, hulipeleka lalamiko kwa tume inayosimamia usawa katika ajira. La mpango wa bima wa watumishi wa serikali kuu huweza kwenda kwa ofisi inayosimamia utumishi wao. La ubaguzi wa umri hupitishwa kwanza kwa wasuluhishi wa serikali. Tangu 1980 wizara yao ya sheria imepewa jukumu la kuratibu namna idara nyingine zinavyotekeleza sheria za kupinga ubaguzi. Sisemi tuwaige, kanuni za kifungu hicho zimeandikwa upya mwaka 2016, 2020 na 2024, kila utawala na mtazamo wake, na mgonjwa wa kule naye ana malalamiko yake. Ninachokitaka kutoka kwao ni kile kitendo kimoja tu cha ofisi kuitumia ofisi nyingine lalamiko, badala ya kumtuma mlalamikaji.

Hapa kwetu hilo linawezekana bila kusubiri Bunge. Ofisi ya Katibu Tawala wa Mkoa ndiko Mganga Mkuu wa Mkoa anakofanyia kazi, na halmashauri zote nane za Mwanza zinaratibiwa na kusimamiwa kupitia hapo. THBUB ina ofisi ya tawi hapa Mwanza. Makubaliano ya maandishi kati ya pande hizo, pamoja na polisi na mabaraza ya taaluma, yanaweza kuweka kanuni moja: ofisi itakayopokea lalamiko la ubaguzi katika huduma za afya kwanza, hata kama si lake, italisajili, itabaki na sehemu iliyo yake, itazituma sehemu nyingine kwa barua rasmi, itampa mlalamikaji nakala ya barua hiyo, na haitahesabiwa kuwa imemaliza kazi mpaka ipate hati ya kupokelewa kutoka ofisi iliyotumiwa. Masijala zetu zinajua kufanya hivyo; faili la mtumishi anayehamishwa kutoka Kwimba kwenda Magu halibebwi kwapani na mtumishi mwenyewe.

Nafahamu kwamba kuna mifumo ya kielektroniki ya kupokea maoni na malalamiko ya wananchi, ikiwamo e-Mrejesho, na kwamba Wizara ya Afya ina namba ya bure ya 199. Ni hatua nzuri, na nimewashauri watu kuzitumia. Lakini kupokea si kugawa, na anayeandika kwenye simu bado anatakiwa achague taasisi anayoilalamikia kabla hajajua ni ipi. Kuna pia sanduku la maoni ukutani kwenye kila kituo. La kituo kile nililikuta kufuli lake limeshika kutu, na nilipouliza ufunguo uko kwa nani, wahudumu wawili walinitajia watu wawili tofauti.

Umbali nao unazidisha uzito wa jambo hili. Daraja la Kigongo–Busisi limewapunguzia kero watu wa Sengerema na Buchosa, lakini mtu wa Ukara bado anavuka maji kwenda Bugolora, anashika barabara mpaka Nansio, kisha anavuka maji tena kuja mjini. Akiambiwa dirishani kwamba jambo lake haliko hapo, aende ofisi nyingine kesho, kesho hiyo ina gharama ya kulala. Katika hali hiyo wengi hufanya hesabu na kurudi nyumbani, na takwimu za ofisi zinaendelea kuonyesha kwamba malalamiko ni machache.

Upo upande wa watumishi, nao si wa kupuuzwa. Muuguzi mmoja aliniuliza kama ni haki mtu kuitwa na mwajiri, kisha na Baraza, kisha na polisi kwa tukio moja, huku kila ofisi ikiandika maelezo upya. Ana hoja. Na mara nyingine kinachoitwa ubaguzi ni uchovu wa mtu aliye peke yake zamu nzima, au ni kukosekana kwa glavu tu. Kuchelewa kuhudumiwa hakumaanishi kila mara kwamba umebaguliwa, na nimewahi kumwambia mlalamikaji hivyo uso kwa uso, akaondoka amekasirika. Lakini hoja ya muuguzi inaunga mkono ninachokisema. Kama ofisi zingekuwa zinaandikiana, maelezo yake yangechukuliwa mara moja, mpangilio wa nani anaanza na nani anasubiri ungejulikana, na asiye na kosa angesafishwa mapema badala ya kukaa miezi na jina lililotiwa doa kwenye ofisi tatu zisizojuana.

Suala la bima nalitaja kwa kifupi tu, kwa sababu litakuja kwa kishindo. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote imepitishwa mwaka 2023, na kadiri kadi zinavyoongezeka ndivyo malalamiko ya kuwekwa foleni ya nyuma kwa sababu ya aina ya kadi yatakavyoongezeka. Leo anayetumia bima ya Taifa analalamika kwa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, wa kampuni binafsi anakwenda kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima au kwa msuluhishi wa migogoro ya bima, na hakuna kati ya hao mwenye mamlaka juu ya mdomo wa mhudumu wa mapokezi. Huu ndio wakati wa kuamua nani anamkabidhi nani, kabla foleni haijawa ndefu.

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 ilitutambua sisi wasaidizi wa kisheria, na tunaifanya kazi hii ya kuwazungusha watu ofisi kwa ofisi kwa moyo. Lakini si kila mgonjwa atamkuta mmoja wetu. Kwa hiyo naziomba ofisi mbili, ya Katibu Tawala wa Mkoa wa Mwanza na ya THBUB hapa Mwanza, zitujibu kupitia gazeti lako: barua ya mgonjwa ikifika kwenye masijala yao, na sehemu yake ikawa ni ya ofisi nyingine, huwa wanaifanyia nini, ndani ya siku ngapi, na mlalamikaji anaondoka na karatasi gani mkononi?

Wako,
Msaidizi wa kisheria,
Kirumba, Mwanza